Nilimchapa mwanangu kwa Neno, sasa ananikimbia

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nakaa Makambako, nafanya biashara ya mbao. Kanisani ni mhazini wa jumuiya yetu. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Ana miaka kumi na moja, yupo darasa la tano.

Mwezi uliopita jumuiya ilikuwa inachangia bati za nyumba ya mwinjilisti. Fedha nilikuwa naziweka kwenye bahasha, kabatini, rafu ya juu. Siku ya Alhamisi nikaenda nayo, tukafungua mbele ya watu, mwenyekiti akahesabu, akarudia kuhesabu. Zimepungua shilingi 15,000. Mama, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Watu walinyamaza. Mzee mmoja akasema, "Tuendelee, mhazini atatafuta," lakini nilijua wanawaza nini. Nikatoa za mfukoni nikajazia, na hapo ndipo nilipoonekana mwizi zaidi. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa natetemeka juu ya pikipiki.

Nilijua ni yeye, kwa sababu wadogo zake hawaifikii ile rafu. Nilifika saa tatu usiku, amelala. Nikamwamsha. Kwetu kuna utaratibu tangu akiwa na miaka sita: kabla ya adhabu anasoma mwenyewe Mithali 13:24, "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, bali yeye ampendaye humrudi mapema." Akasoma. Nikamwambia, "Umeiba, hujaiba?" Akasema hajaiba. Nikarudia, akakataa. Fimbo sikuiona, nikachukua waya wa pasi. Sikuhesabu. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono. Asubuhi mtoto akakiri kwamba alichukua.

Sasa ni wiki tatu. Siku nne za mwanzo alikwenda shule na sweta, hata mchana wa jua kali hakulivua. Alama nyingine bado zipo. Lakini kinachonikosesha usingizi ni hiki: akisikia pikipiki yangu inaingia, anaacha alichoshika anakwenda chumbani. Juzi alikuwa anacheka na wadogo zake uani, kicheko nilikisikia nikiwa nje. Nilipoingia, kimya. Kikombe chake cha uji kilibaki kwenye ngazi kikiwa nusu. Halafu ameanza kudanganya hata vitu vidogo, kama ameoga au hajaoga.

Wenzangu jumuiya wananiambia nisilegee, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mmoja kaniambia kuacha fimbo ni uzungu, akanikumbusha kuhani Eli alivyoangamia na wanawe kwa kuwadekeza. Mke wangu anasema nimwombe mtoto msamaha. Mama, mzazi anamwombaje msamaha mtoto aliyeiba? Si nitakuwa nimemkabidhi nyumba? Na nikiiacha fimbo, si nitakuwa nimeliasi Neno? Nisaidie.

Baba, Makambako

*

Marahaba, mwanangu. Amina, na asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta jambo moja tu na sikulipata. Umenieleza bahasha ilikaa rafu ipi, nani alihesabu, alihesabu mara ngapi, mzee alisema nini, watu walinyamaza vipi. Hukunieleza mtoto alizifanyia nini zile shilingi 15,000. Nadhani hukunieleza kwa sababu hujui. Wiki tatu zimepita, ngozi ya mtoto imechanika na kuanza kupona, na bado hakuna mtu mzima katika nyumba ile aliyemuuliza, "Mwanangu, hela ulitaka ya nini?" Lile la "umeiba, hujaiba" la usiku lilikuwa la kumkamata.

Nianze na Eli, maana wenzako wamekutajia. Ni kweli, 1 Samweli 3:13 inasema wanawe walijiletea laana naye hakuwazuia. Lakini Hofni na Finehasi walikuwa watu wazima, makuhani waliokuwa wakinyang'anya watu nyama ya sadaka na kulala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Eli aliwaachia madhabahu wakati alikuwa na mamlaka ya kuwazuia. Huyu wako ni wa darasa la tano. Baba wa kwenye Biblia ambaye ningependa umtazame ni mwingine. Adonia alipotaka kujitwalia ufalme, mwandishi wa 1 Wafalme anakatisha habari kidogo ili atuambie kijana huyu alilelewa vipi. Anasema, katika 1:6, kwamba Daudi baba yake hakuwahi hata siku moja kumsikitisha kwa kumuuliza, "Mbona umefanya hivi?" Basi. Hicho ndicho Maandiko yanachokitaja katika malezi yale: swali ambalo halikuulizwa.

Na Mungu mwenyewe, pale bustanini, alianza na maswali. Uko wapi? Nani aliyekuambia kwamba u uchi? Umekula? Kisha kwa mwanamke: nini hili ulilolifanya? Yeye anayejua yote aliuliza, akasubiri jibu, hata jibu la kusukumiana lawama akalisikiliza. Adhabu ilikuja baadaye, na ilikuwa nzito. Lakini soma mpaka Mwanzo 3:21: kabla hajawatoa bustanini, aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika. Mwanao alipoadhibiwa, sweta alilivaa mwenyewe.

Naandika haya nikiwa mwalimu mstaafu, miaka mingi darasani, na mwalimu wa Sunday school hadi leo. Nilichapa, tena nikiamini ni haki. Siku moja nikiwa nafundisha hesabu nilinyoosha mkono kuchukua kifutio kilichokuwa juu ya dawati la msichana mmoja, mtoto mtulivu, wala siku ile hakuwa na kosa lolote. Akajikunja. Mikono yote miwili kichwani, macho kayafumba kwa nguvu, na daftari likaanguka chini. Nilikuwa nataka kifutio tu. Nilisimama pale na mkono wangu hewani, sikujua niupeleke wapi. Nikaelewa kwamba mtoto yule, muda wote niliodhani anasikiliza somo, alikuwa anausikiliza mkono wangu. Wako naye anaisikiliza pikipiki.

Sasa tuje kwenye Neno, kwa sababu wewe ni mtu wa Neno na umeniuliza kwa moyo safi.

Ile "fimbo" ya Mithali 13:24 kwa Kiebrania ni shebet. Neno hilo hilo lipo katika Zaburi 23:4, ila watafsiri wetu pale wameliita gongo: "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Ni kifaa cha mchungaji. Anakifukuzia mnyama mkali, na katika Walawi 27:32 kundi linapita chini yake likihesabiwa mmoja mmoja. Kondoo anafarijika akiiona kwa sababu anajua aliyeishika yuko upande wake. Mwanangu, jiulize kama mtoto wako anaweza kuisoma Zaburi 23 na kufarijika akikumbuka ile waya.

Mtu atakuonyesha Mithali 23:13, "Usimnyime mtoto wako mapigo." Ipo, siwezi kuifuta. Lakini Kumbukumbu la Torati 21 inaagiza mwana mkaidi apelekwe kwa wazee langoni na kupigwa mawe mpaka afe, na sijamwona Mkristo anayelitekeleza hilo, kwa kuwa sote tunaisoma Torati tukiwa tumekaa miguuni pa Kristo. Humo humo katika Mithali, 17:10, imeandikwa kwamba onyo moja hupenya ndani ya mwenye ufahamu kuliko mapigo mia kwa mpumbavu. Na Paulo, anapowaagiza wazazi kuhusu watoto, anafanya hivyo mara mbili, Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, na mara zote mbili anaanza kwa kumwonya baba: msiwachokoze. Kwa Wakolosai anaongeza sababu, "wasije wakakata tamaa." Mtoto anayedanganya kwamba ameoga, wakati maji yapo na hakuna wa kumchapa kwa hilo, amekwisha kata tamaa ya kuaminiwa. Uongo umekuwa ngao yake.

Lile neno "humrudi" nalo lisikilize vizuri. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa kumrudi mtoto na kwa kurudi nyumbani. Mimi nikilisoma husikia mtu amemfuata mwingine aliyepotea njia na anakuja naye. Wako anakwenda mbali na wewe kila jioni, hatua kumi kutoka ngazini hadi chumbani.

Kuhusu uzungu sitakaa sana. Wazee wetu waliwahi kuishi chini ya Wajerumani, na adhabu iliyokuwa maarufu ni viboko ishirini na vitano, wenyewe waliita "hamsa ishirini". Ukitaka kujua nani alitukuza kiboko katika nchi hii, anzia hapo.

Ila kuhusu sheria sikufichi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili, na inasema marudi yasiyolingana na umri wake, mwili wake na akili yake hayana utetezi. Hata shuleni, ambako fimbo bado inaruhusiwa hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinataka visizidi viboko vinne, achape mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, na iandikwe kwenye kitabu. Wewe umeniandikia "sikuhesabu". Waya wa pasi kwenye mwili wa mtoto aliyeamshwa usingizini ni ukatili, na ningekuwa nakudanganya kama ningeliita jambo hilo kwa jina la upole. Mpelekeni zahanati wiki hii atazamwe hizo alama, na mkiulizwa zimetokana na nini, semeni kweli. Na mkeo ajue, nawe ujue kwamba anajua: mkono ukiinuka tena namna ile, atoke na watoto, aende kwa mchungaji au kwa ofisa ustawi wa jamii, au apige 116, ile namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nimeona kitu kingine katika barua yako. Hasira ya usiku ule hukuikuta nyumbani, ulikuja nayo kwenye pikipiki. Mistari mingi umeandika juu ya aibu ya jumuiya. Uliaibishwa mbele ya watu ambao usingeweza kuwachapa, ukafika kwa mtu ambaye ungeweza. Naielewa aibu hiyo, ni chungu kweli, hasa kwa mtu mwaminifu. Lakini fedha ya watu kukaa kwenye bahasha katika kabati la chumbani, hilo ni lako. Nenda kwa mwenyekiti, mwambie uliihifadhi vibaya na kwamba kuanzia sasa itunzwe sehemu salama zaidi. Mtoto usimtaje.

Kisha msamaha. Unauliza mzazi anamwombaje msamaha mtoto aliyeiba. Anamwomba kwa kosa lake mwenyewe mzazi. Kosa la mtoto linabaki pale pale, litakuja na zamu yake. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi, na sioni umri uliotajwa. Usifanye jioni ukitoka kazini, muda ule kwake ni wa hofu. Fanya mchana, mama yake akiwepo, na kaa kwenye kigoda ili uso wako uwe chini ya wake au sawa naye. Sema maneno machache: "Nilikupiga kwa waya. Nilikuamsha usingizini. Nilikosa, na Mungu hakunituma. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Usiweke "lakini na wewe". Ukiweka hilo neno, atakumbuka hilo tu. Asipojibu kitu, mwache aende akacheze. Hukumkabidhi nyumba, mwanangu. Umemwonyesha jinsi mtu mzima anavyokiri kosa, na hicho ndicho ulichotaka akifanye usiku ule, tena kwa hiari.

Swali la fedha liulize siku nyingine, mkiwa kwenye kazi ya mikono, bila kumkazia macho. Liulize kama mtu asiyejua jibu. Labda kuna wakubwa shuleni wanamtishia. Labda aliahidi kitu akashindwa kutimiza. Labda ni tamaa tupu, maandazi na soda na marafiki, nayo ni ya kawaida kwa umri wake. Sitakukisia. Kila jibu lina dawa yake, na ukitoa dawa kabla ya kujua ugonjwa ndipo haya yanapotokea.

Na adhabu? Ipo. Mimi si katika wanaosema mtoto aachwe. Aliyechukua arudishe, hiyo ni sheria ya Mungu tangu Kutoka 22, na Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Angalia tu mpangilio wa ile habari katika Luka 19: Yesu alimwita kwa jina, akaingia nyumbani mwake, na ahadi ya kurudisha ilimtoka Zakayo mwenyewe baada ya kupokelewa. Wewe una biashara ya mbao. Kila Jumamosi aje nawe kazini asubuhi, akusanye mabanzi, ayafunge mafungu ya kuni, kisha mziuze. Shilingi elfu moja kila wiki ni ya deni, na ziandikwe kwenye daftari kwa mwandiko wake. Ni wiki kumi na tano. Hapo kuna jasho, kuna hesabu, na kuna Jumamosi kumi na tano za baba na mwana wakifunga kamba pamoja, na naamini katika mojawapo utalisikia jibu la swali lako hata kama siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya mwisho deni lifutwe mbele ya mama yake, na katika nyumba hiyo lisitajwe tena, hata kwa utani, hata siku atakapokosea jingine. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Mkunjaji hodari hana haraka, maana samaki ukimvuta kwa nguvu anachanika.

Kuna jambo limeniuma kuliko waya, nami nimeliacha hadi sasa kwa sababu sikujua nilisemeje. Tangu ana miaka sita, mwanao anasoma Biblia kwa sauti, kisha anapigwa. Miaka mitano. Kwake yeye, Biblia ikifunguliwa nyumbani mwenu, kinachofuata ni maumivu. Utaratibu huo ufe leo. Kwa muda, wewe ndiye usome, na usisome Mithali. Soma habari za Samweli akiitwa usiku, soma yule kijana wa mikate mitano na samaki wawili, soma Yesu akiwakumbatia watoto katika Marko 10. Fupi, kabla ya kulala, na ukimaliza funga kitabu, waombee, waage. Kisiwepo kitu kingine baada ya hapo. Itachukua miezi kabla mwili wake haujaamini kwamba kitabu kimefungwa na hakuna kilichotokea. Vumilia.

Jioni ukifika na pikipiki, ataendelea kukimbilia chumbani kwa muda. Usimfuate, usimwite kwa ukali, na usiwatume wadogo zake. Kaa pale ngazini kilipobaki kikombe chake, unywe uji wako, ucheze na hao wadogo. Mlango wa chumba ataufikia mwenyewe atakapokuwa tayari, kwanza kichwa, kisha mguu mmoja. Ukimwona, sogea kidogo apate pa kukaa.

Baba asiyempenda mwanawe asingesikia kicheko kikikatika nyuma ya ukuta. Wewe ulikisikia, ukaandika. Ukishajua zile 15,000 zilikwenda wapi, niandikie tena.